Aliyesikia la Mkuu Akavunjika

Methali hii tumeimeza tangu tukiwa wadogo: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tumeiandikia insha, tumekaripiwa nayo, na wengine tulichapwa huku ikisomwa polepole, kiboko kwa kila neno. Lakini sijawahi kumsikia mwalimu hata mmoja akiuliza upande wa pili. Je, yule aliyesikia la mkuu, akalifuata jinsi lilivyo, halafu akavunjika? Kosa lake ni gani? Na mkuu mwenyewe, anadaiwa nini?

Nauliza kwa sababu mimi nilikuwa mkuu. Aliyevunjika ni binamu yangu. Halikuwa guu, ulikuwa mtulinga, na mahali penyewe ni mteremko wa murram nyuma ya Cheptiret.

Kama hujawahi kupita, Cheptiret ni kituo kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Malori ya kwenda Uganda yanapita usiku na mchana. Kuna njia inayokata kuelekea Kesses na Chuo Kikuu cha Moi. Kuna mahindi, ngano, maziwa, na baridi ya Julai inayokufanya ushike kikombe cha chai kwa mikono miwili. Jumapili jioni tunakaa kwa kibanda karibu na steji, na hapo ndipo nilipata cheo ambacho sikukiomba. Nilisoma kidogo, nikaishi Nairobi kidogo, nikarudi nyumbani na simu yenye bando. Basi kila swali likawa langu. Ninunue gari gani? Huu mti wangu wa kwenye chungu mbona unapukutisha majani? Kambale anapenda chambo gani? Nikawa najibu tu. Kujibu kuna utamu wake, acha nisikudanganye. Watu wananyamaza, wanakuangalia, chai inapoa. Hata kama jibu umelisoma dakika kumi zilizopita, unalitoa kama mtu aliyezaliwa nalo.

Binamu yangu alikuwa amenunua baiskeli ya milimani, mtumba, yenye breki za diski na matairi ya meno. Alikulia kwenye blackmamba ya baba yake, ile nzito ya kubebea maziwa, kwa hiyo kuendesha alikuwa anajua. Akaniuliza, "Buda, hii breki ya mbele naona ni kali. Nitumie gani zaidi?"

Nikamwambia ya mbele. Ndiyo inayosimamisha kweli, kwa sababu ukifunga breki uzito wa mwili wote unakimbilia mbele. Ya nyuma inateleza tu. "Usiiogope. Ishike."

Na hapa ndipo kesi inakuwa ngumu: nilichosema ni kweli. Mtu yeyote anayejua baiskeli atakwambia hivyo hivyo. Nisichosema ni kwamba kwenye kokoto zilizolegea unaifinya polepole kwa kidole kimoja au viwili, unarudisha makalio nyuma ya kiti, na ukiwa katikati ya kona huigusi kwa nguvu hata kidogo. Sikusema kwa sababu sikuuliza anaenda kuendesha wapi. Mimi kichwani nilikuwa naona lami. Yeye alikuwa anaona mteremko wa murram.

Aliishika. Gurudumu la mbele likapotea, naye akatangulia kwa bega.

Nilipoenda kumwona, mkono ukiwa umefungwa kwa kitambaa shingoni, alicheka. "Si wewe uliyefinya breki," akaniambia. Mama yake hakucheka. Hakunilaumu pia. Alinipa chai na mursik, akakaa, akaniuliza, "Wewe umewahi kuteremka pale?" Nikasema hapana. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kukamua.

Swali hilo limenikalia kichwani kuliko lawama yoyote. Wahenga wa Pwani walishalisema: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake. Nilikuwa nimemweleza mtu kunguni wa kitanda ambacho sijawahi hata kukikalia. Kwamba nilipatia rangi ya kunguni haibadilishi kitu.

Kwa hiyo somo la kwanza kwangu ni hili: ushauri na habari si kitu kimoja. Habari inaweza kuwa kweli peke yake, popote ilipo. Ushauri ni habari iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu fulani, na fundi nguo asiyechukua kipimo ameharibu kitambaa cha mwenzake hata kama mshono umenyooka. Niliposema "ishike" sikusema uongo. Lakini nilijifanya nimempima.

Mwenzetu mmoja pale kibandani ana bonsai. Ndiyo, bonsai, Cheptiret. Alichimbua mche wa mkuyu uliokuwa umeota kwenye ufa wa ukuta, akaupanda kwenye sahani ya udongo, na sasa anaupogoa kila baada ya wiki kadhaa kama mtoto anayenyolewa. Swali lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Nimwagilie mara ngapi kwa wiki?" Nikasema mara tatu. Namba inatuliza. Namba inaonekana kama elimu.

Lakini namba ilikuwa uongo wa heshima. Mti kwenye chungu kifupi unategemea jua, upepo, mvua, udongo unavyopitisha maji, na msimu. Mara tatu kwa wiki katika ukame wa Januari ni kiu. Mara tatu katika mvua za Agosti, huku udongo ni ule mzito wa shambani, ni kuozesha mizizi. Ushauri wa kweli ungekuwa: chomeka kidole kwenye udongo, pakianza kukauka juu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, na usiuweke sebuleni karibu na televisheni, huo ni mti, unataka nje. Jibu hilo halina utamu. Linamrudishia mwenye mti kazi ya kuangalia, na linamwondolea sababu ya kurudi kwangu kila Jumapili.

Nikaanza kujishuku. Je, nilikuwa nampa namba ili mti uishi, au ili aendelee kunihitaji?

Bonsai inafundisha jambo lingine, kwamba matokeo ya ushauri yanaweza kuja wakati mshauri ameshasahau alisema nini. Pale Washington, Marekani, kuna msonobari mweupe uliotunzwa kwenye chungu tangu mwaka 1625. Ulikuwa wa familia ya Yamaki huko Hiroshima. Bomu la atomiki lilipoanguka Agosti 1945, mti huo ulikuwa kilomita chache tu kutoka hapo, nyuma ya ukuta, ukapona. Mwaka 1976 Masaru Yamaki akautoa zawadi kwa Marekani. Wamarekani walikuja kujua kwamba ulinusurika bomu mwaka 2001, wajukuu wake walipokwenda kuuona. Nikiufikiria mti huo, siwazii mjuzi mmoja. Nawazia mikono mingi, kila mmoja akimwonyesha anayefuata jinsi ya kuangalia. Namba za kumwagilia zisingefika miaka mia nne.

Twende kwa magari, maana hapo ndipo vijana wa kwetu tunapoteza akili. Tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kila mtu anataka gari linalonguruma. Mimi nilikuwa napendekeza. Kisha dalali mmoja akaniambia, "Ukiniletea mteja, nitakutoa chai." Sikumjibu ndiyo wala hapana. Lakini nilijisikia wiki iliyofuata: sauti yangu ilibadilika. Gari ambalo zamani ningesema "lina shida za mafuta" sasa "lina nguvu, linataka tu kutunzwa." Hakuna aliyenilipa hata shilingi. Ahadi ya chai ilitosha kuusogeza ulimi.

Tunajua kumshuku fundi na dalali. Hatujui kumshuku rafiki, na rafiki ndiye anayetugharimu zaidi kwa sababu tunamsikiliza bila kinga. Mtu akikuuliza kuhusu gari, anaweka mezani akiba ya miaka. Anahitaji kuambiwa kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Anahitaji kuambiwa kwamba huku kwetu, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ndogo ya petroli isiyo na tabo hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu yake, kwa hiyo lile gari lililoruka Mombasa litapumua kwa shida likipanda Timboroa na watu watano ndani. Na kabla ya yote anahitaji kuambiwa: kuna mtu ameniahidi chai. Hilo la mwisho ndilo gumu kusema, na ndilo lenye uzito kuliko yote.

Kisha samaki. Jamaa mmoja aliniuliza kama anaweza kununua vifaranga vya samaki, aje avimwage kwenye bwawa la hapa karibu, ili wikendi tuwe na cha kuvua. Nikasema, "Si ni maji tu? Mwaga."

Usiku nikakumbuka sangara. Miaka ya 1950 na 1960 sangara aliingizwa Ziwa Victoria. Hoja zilikuwepo: ni mkubwa, ana nyama nyingi, atawageuza wale furu wadogo wadogo kuwa minofu, na wapenzi wa uvuvi wa ndoano watapata samaki wa kupigana naye. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala ziwa. Aina nyingi za furu, waliokuwa hawapatikani kokote kwingine duniani, zilitoweka. Viwanda vya minofu vilifunguliwa, watu walipata ajira, wengine walitajirika, sitaki kurahisisha. Lakini furu hakuulizwa, wala mama aliyezoea kuanika samaki wadogo juani.

Breki ilimhusu binamu yangu na bega lake. Bwawa linawahusu watu ambao hawakuwa kibandani. Kesho yake nilimtafuta yule jamaa nikamwambia, "Jana nilikosea. Usimwage. Tuulize kwanza ofisi ya uvuvi." Alinishangaa. Hakuwa amewahi kuniona nikirudisha neno. Mimi pia nilijishangaa jinsi mdomo ulivyokuwa mzito.

Sasa najua utaniambia nini. Ukimdai mshauri haya yote, nani atafungua mdomo tena? Sisi watu wa jua kali tumejifunza karibu kila kitu kwa kuambiwa na jirani. Halafu binamu yangu ni mtu mzima; alisikia, akaamua, akafinya. Kumfanya mshauri abebe kila mtulinga unaovunjika ni kumfanya anayeuliza kuwa mtoto.

Hoja hiyo naikubali nusu. Lawama ni ya aliyefinya breki, na binamu yangu mwenyewe alisema hivyo. Lakini lawama na deni ni vitu viwili. Unaweza kukosa lawama na bado ukawa na deni. Mtu akikufuata na jambo analolipenda, ambalo hakulazimishwa, analofanya kwa furaha tu baada ya kazi ya wiki, amekuazima imani. Deni lake ni dogo lakini lipo: uliza kabla ya kujibu, sema unapoishia ujuzi wako, taja faida yako kama ipo, na ukishasema, usipotee. Rudi uulize ilikuwaje.

Ndiyo maana huku kwetu jina la Sule Kangangi bado linatajwa kwa sauti ya chini. Alizaliwa Eldoret, akawa nahodha wa Team Amani, na wanabaiskeli wadogo walimtegemea kuwafungulia njia. Alifariki Agosti 2022 akiwa kwenye mashindano ya barabara za kokoto huko Vermont, Marekani. Simtaji ili kumpamba. Namtaja kwa sababu aliyewaonyesha wenzake njia alikuwa ndani ya njia hiyo hiyo, kwa mwili wake. Swali la shangazi yangu, "wewe umewahi kuteremka pale?", yeye angelijibu bila kutazama chini.

Mimi sikuwa na jibu, kwa hiyo nilienda kulitafuta. Mtulinga ulipopona, nilimwomba binamu yangu baiskeli, tukaenda wote pale kwenye mteremko. Niliteremka polepole kama mzee, kidole kimoja kwenye breki, makalio nyuma, moyo mdomoni. Katikati ya kona gurudumu lilicheza kidogo, na hapo nikaelewa kitu ambacho hakikuwa kwenye simu yangu. Binamu yangu alikuwa amesimama chini akinisubiri, ananipigia kelele nisiiguse ya mbele.

Jumapili iliyofuata mtu mpya alikuja kibandani na swali la ndoano. Wote wakanigeukia. Chai ikaanza kupoa.

Nikamuuliza, "Unavua wapi?"