Mtaka cha Mvunguni Sharti Ainame: Neno kwa Wastaafu

Methali hii tumezoea kuwapa vijana. Mwanagenzi amenuna kwa kuwa fundi kamtuma maji ya kunywa, au mhitimu anaona haya kuanza kazi kwa kubeba mafaili. Papo hapo huambiwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nadhani tunawaambia wasio na shida nayo. Mgongo wa kijana bado mwepesi. Anayeihitaji zaidi ni yule mzee aliyestaafu majuzi, mkuu wa idara aliyezoea watu kusimama akiingia ofisini.

Itazame vizuri methali yenyewe. Kinachotakiwa kipo. Hakiko ng'ambo wala hakina mlinzi, kiko chini ya kitanda cha mtakaji mwenyewe, na kinachomtenga nacho ni kule kusimama wima kwake. Kisha linakuja hilo “sharti”, ambalo halimwachii mtu upenyo kwa ajili ya cheo wala mvi. Utanijibu kwamba mkubwa wa nyumba haoni tabu. Atamwita mtoto, mtoto ataingia mvunguni na kutoka na sanduku. Kweli, na mengi maishani huwezekana kwa kutuma. Elimu haitumwi. Anayeingia mvunguni kuifuata ndiye anayetoka nayo.

Chukua mfano wa simu. Pensheni imeingia benki, ujumbe umelia, babu anamwita mjukuu: “Hebu nitolee elfu hamsini, namba ya siri si unaijua?” Mjukuu anabonyeza, mambo yanakwisha. Muhula ukifunguliwa mjukuu anarudi bweni, na babu anaishia kwa wakala, anamkabidhi kijana simu na kuitaja namba ya siri kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Jambo lenyewe lingejifunzika alasiri moja. Gharama yake ni kumwambia mtoto wa darasa la sita, “Rudia pole pole, babu yako sijaelewa.” Kuinama ndiko huko, na kwa mtu aliyetoa amri miaka thelathini kunauma kuliko goti.

Wengine hujikinga kwa methali nyingine: samaki mkunje angali mbichi. Wanasema wao wamekwisha kauka. Lakini hiyo ni methali ya malezi, inasema na mzazi ambaye mwana bado yuko mikononi mwake. Samaki hukunjwa na mwingine. Anayeinama huinama kwa hiari yake, na hiari haina umri.

Kimani Maruge alilionyesha hilo mjini Eldoret. Kenya ilifuta karo za shule za msingi mwaka 2003, na Januari 2004, akiwa na miaka 84, mzee huyo aliyepata kuwa mpigania uhuru aliingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, kavaa kaptula na soksi ndefu kama sare ilivyotaka. Alitaka aisome Biblia kwa macho yake mwenyewe. Mwaka 2005 alifika New York, Umoja wa Mataifa, kutetea elimu ya msingi bila malipo.

Nyerere naye, aliyeutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima Tanzania, hakujiweka kando ya aliyowahimizia wengine. Aliacha urais 1985, akaitia Injili katika utenzi, kazi iliyochapishwa 1996. Utenzi una vina na mizani, na mizani haijui kwamba uliwahi kuwa rais. Ikipungua silabi moja unarudi kuhesabu kama mwanafunzi yeyote.

Ila linalonisumbua zaidi ni kiinua mgongo. Mtu anakipokea, kesho yake anajenga banda na kununua vifaranga mia tano kwa sababu jirani kasema kuku wanalipa. Hajui kwamba chanjo ya mdondo ya matone hutiwa tone moja jichoni na hurudiwa kila miezi mitatu hivi. Angalimuuliza bwana mifugo wa kata, kijana wa umri wa mwanawe, angalijua. Hakuuliza, maana alikuwa bosi. Mdondo ukipita, banda huwa tupu ndani ya siku chache, na lawama huangukia biashara ya kuku.

Watumishi wengi wa umma Tanzania huruhusiwa kustaafu kwa hiari wakiwa na miaka 55, na lazima huwa 60. Hiyo ni miaka mitano ya kujiandaa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina kozi fupi. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, kina vituo mikoani na hakidai uhame nyumbani. Wewe uliyebakiza miaka michache kazini, kachukue fomu kabla hujachukua mafao. Na wewe mwalimu kijana, mzee akiingia darasani kwako mwamkie, mpe kiti cha mbele karibu na ubao, kisha msahihishe makosa yake kama unavyowasahihisha wengine.