Kasha Lisiloulizwa

Hamali wa bandari ya Malindi, hapa Unguja, huchukua kasha begani wala haulizi mna nini. Mimi simlaumu. Je, fundi aliyevitengeneza vilivyomo, naye asamehewe kwa kutouliza?

Oktoba 2003 meli BBC China, iliyokuwa ikitoka Dubai kwenda Libya, iligeuzwa njia ikapelekwa Taranto, Italia. Ndani mlionekana vipande vya mashine za kurutubisha urani, madini ya bomu la atomiki, vilivyouzwa kwa siri na watu wa A. Q. Khan wa Pakistani. Vilichongwa Malaysia, wenye kiwanda walisema hawakujua ni vya kazi gani. Mioyo yao siioni.

Wazee wetu waliyaona kama hayo. Mwaka 1873 Sayyid Barghash alifunga soko la watumwa la Mkunazini, lakini manahodha wengine waliendelea kuwavusha watu, wakisema ni mabaharia, ni abiria. Manowari zilikagua majahazi. Mengine yalikamatwa, mengine yakapita.

Mwaka 2004 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliagiza kila nchi ichunge biashara hii mipakani mwake. Vema. Lakini karani wa forodha husoma karatasi tu. Fundi ndiye apewaye kipimo chembamba kama unywele. Asipouliza, huenda anaogopa kujibiwa.