Je, Kuchukua Kurunzi Usiku Kwapunguza Tawakali?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba giza na mwangaza. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Katika nchi ya Kagera, tangu mji wa Bukoba hata vijiji vya Muleba, wako watu wengi wasiotoka usiku ila kwa kurunzi ndogo mfukoni. Sababu zao zi wazi. Nchi ile i karibu na Ikweta, na usiku wake hukaribia saa 12 mwaka mzima. Tena iko mbali upande wa magharibi, na saa zake ni zile zile za Mombasa. Kwa hivyo jua huchelewa kuchomoza huko kwa kadiri ya nusu saa. Nyumba nyingi zimo ndani ya migomba, mvua ni nyingi, udongo huteleza, na nyoka hawakosekani. Na ardhi ilipotetemeka tarehe 10 Septemba 2016, maelfu ya nyumba yaliharibika na watu wakalala nje. Mwenye taa siku zile aliijua thamani yake.

Lakini mtu aendaye Sala ya Alfajiri na kurunzi yake huweza kuambiwa na mwenziwe: “Ndugu yangu, ukiwa wamtegemea Mungu, hiyo ni ya nini? Waendao misikitini gizani si wameahidiwa nuru kamili Siku ya Kiyama? Wewe waiuza thawabu kwa betri mbili!”

Neno hili si la kuchekwa, kwani msemaji wake amekusudia kheri. Jawabu lake ni kuwa tawakali mahali pake ni moyoni, na sababu mahali pake ni mkononi, hazigombani. Amepokea Tirmidhi kwa Anas ya kwamba mtu alimwuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga na kutawakali, akaamriwa amfunge, kisha atawakali. Na Mtume mwenyewe siku ya Uhud alivaa deraa mbili. Ikiwa deraa hazikupunguza tawakali yake, kurunzi itapunguza ya nani?

Ama ile ahadi ya nuru, imefungamana na kwenda msikitini, si na kujikwaa. Katika Bukhari imo habari ya Usaid bin Hudhair na Abbad bin Bishr: walitoka kwa Mtume usiku wa giza, ikawatangulia nuru, na walipoachana njia, kila mmoja akawa na yake. Lau mwangaza njiani ungalipunguza thawabu, Mwenyezi Mungu asingaliwakirimu kwao.

Hata hivyo, yule mwenye kulaumu anayo haki kidogo. Wako watu ambao betri zao zikizimika, na nyoyo zao huzimika. Hao wameihamisha tawakali wakaitia mfukoni. Kurunzi huonesha shimo, lakini haimfungi mwivi mikono. Na mwenye taa huonekana na wengine kabla yeye hajawaona. Wavuvi wa Ziwa Victoria huwasha taa usiku usio na mwezi, na dagaa huzikimbilia wakaingia nyavuni. Na senene, msimu wao ukifika huko Bukoba, huvutwa na taa kali hata wakateleza juu ya mabati na kuanguka mapipani. Viumbe hao hawakuangamizwa na giza, bali na mwangaza walioufuata pasi na akili.

Liko na jambo la pili, nalo ni kubwa zaidi. Achukuaye taa kwa hofu ya nafsi yake tu, kila amkutaye njiani humwona adui, akammulika usoni kama mshitakiwa. Mtume (S.A.W.) ameamuru njia ipewe haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia na kuitika salamu. Basi mwangaza usitiwe machoni pa mwenzio, wala usipitishwe madirishani mwa watu, kwani hodi imewekwa kwa ajili ya jicho. Bali umulike chini, na akitokea mzee au mgeni asiye na taa, apishwe penye shimo au asindikizwe hata kwake. Kuondoa udhia njiani ni tawi katika matawi ya imani, na mwangaza haupungui kwa kutembewa na wawili.

Basi kuchukua kurunzi ni jaizi; na kwa mwenye kuhofia madhara ya dhahiri, au mwenye watoto katika ulinzi wake, si vema kuiacha. Aitazame betri yake kabla ya kutoka, kama bedui afungavyo kamba ya ngamia wake. Kisha auweke moyo wake kwa Yule asiyelala, na akikuta mtu gizani, aanze kwa salamu kabla ya taa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.