Silabusi ni mali ya nani?

Katika vyuo vya Kongo, silabusi ni andiko la somo ambalo profesa hulitunga na mwanachuo hulinunua. Baraka na Fizi nzima, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, zimo katika desturi hiyo: sefu wa promosheni, yaani kiongozi wa darasa, hukusanya pesa, huandika majina ya waliolipa, makaratasi yakatolewa fotokopi. Manung'uniko huanzia kwenye orodha ile, maana asiyeandikwa huhofia alama zake hata kama somo amelielewa.

Je, elimu inauzika? Swali ni la kale. Wanasheria wa Kanisa katika Ulaya ya karne za kati walishika kwamba elimu ni kipaji cha Mungu, kwa hiyo haiuzwi. Mwalimu, hata hivyo, aliruhusiwa kupokea ujira wa jasho lake. Katika Uislamu, dini yenye waumini wa siku nyingi Baraka, wanazuoni wa awali wa madhehebu ya Hanafi walikataza ujira wa kufundisha Kurani. Waliowafuata waliruhusu, kwa kuchelea kwamba walimu wakikosa riziki wangeacha kazi na masomo yakapotea. Hapo kazi ikatengwa na elimu: ya kwanza hulipiwa, ya pili haina mwenyewe.

Nyenzo huria za elimu, jina lililotolewa kwenye mkutano wa UNESCO mwaka 2002, zimesimama juu ya mpaka huohuo. Kwa leseni za Creative Commons, zilizotoka mwaka uleule, mtunzi hutajwa jina na haki yake haipotei, ila yeyote anaweza kunakili na kugawa, na kwa leseni nyingi hata kubadilisha. Kwa Fizi, ruhusa hii ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa. Kitabu cha biolojia cha OpenStax, kwa mfano, hueleza nani humla nani kwa viumbe wa Ziwa Ontario, kuanzia mwani hadi samaki aina ya salmoni ambaye mwanachuo wa Baraka hajapata kumwona. Mwalimu anaweza kuutoa mfano huo bila kumwomba mtu, akaweka Tanganyika: vijidudu vya majini huliwa na ndagala, ndagala huliwa na mukeke. Anaweza pia kuiandika sura nzima kwa Kifaransa, kwani kitabu ni cha Kiingereza. Megabaiti ni ghali, lakini faili likishushwa mara moja hupita simu hadi simu kwa kadi ya memori.

Kutafsiri na kurekebisha huko nako ni jasho. Walimu wengi wa vyuo vya Kongo hawajaingia katika mshahara wa serikali, na kwao pesa ya silabusi ni chakula cha nyumbani. Kuifuta bila kuweka kitu mahali pake ni kuwatoza wao sadaka ambayo wengine hawatozwi. Pendekezo la UNESCO la Novemba 2019 limeligusa jambo hili: kati ya maeneo yake matano, moja linazitaka nchi wanachama zitafute njia za kudumu za kuigharamia kazi hiyo.