Sura Yake Ni ya Nani?

Somo: Luka 7:36-50, Mathayo 22:15-22

Wiki hii nina ungamo kabla ya fundisho.

Wengi wenu mnaikumbuka ile picha tuliyoweka kwenye skrini wakati wa sadaka ya misheni. Mama mzee, shanga zimejaa shingoni mpaka kidevuni, macho ameyafinya, chozi moja shavuni. Chini yake niliandika, "Wana kiu ya Neno." Siku hiyo mlitoa kwa moyo. Hata mimi nililia.

Picha hiyo niliipiga Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, kando ya Ziwa Turkana. Timu yetu ilifika huko siku za tamasha la utamaduni, lile lililoanza mwaka 2008, ambapo jamii za eneo hilo, El Molo, Rendille, Samburu, Turkana, Gabra, Dassanech na wengine, hukutana kuimba, kucheza na kuonyeshana nyumba na mapambo yao. Ni jambo la maana, kwa sababu baadhi yao wamewahi kumwaga damu kwa ajili ya malisho na mifugo. Nilikuwa nimeazima kamera nzuri. Kwa siku moja nikapiga nyuso kama mia mbili. Majina niliyouliza? Hata moja.

Sasa, upepo wa kule si mchezo. Ukitoka upande wa kusini, kabla hujafika unapita mashine 365 za kuzalisha umeme kwa upepo. Hazikuwekwa pale kwa bahati. Mchanga unakuingia machoni mpaka machozi yanatoka yenyewe. Mnaona tunakoelekea.

Wiki moja baada ya ile ibada, mzee wa kanisa aliyetukaribisha kule aliiona picha kwa WhatsApp. Akanipigia simu.

"Pasta, huyo mama unamjua?"

"Hapana, mzee."

"Huyo ni mama yetu wa maombi. Anaongoza maombi ya Jumatano. Aliokoka kabla wewe hujazaliwa."

Nilikaa kimya. Mama hakuwa analia. Alikuwa ndiye kiongozi wa waimbaji wa kundi lake, na upepo ulimpiga usoni. Kiu niliyoiandika ilikuwa yangu, kiu ya kupata sadaka.

Mimi nilisomea biashara, na nitasema ukweli: akili ya biashara ndiyo iliyonishika. Tulifundishwa kwamba malighafi inachukuliwa mahali inapopatikana kwa bei ya chini, inatengenezwa, halafu inauzwa mahali ina bei. Ndivyo nilivyofanya na uso wa mtu.

Najua mtasema, "Lakini Pasta, si alikubali?" Kweli. Nilimwinulia kamera, akaitikia kwa kichwa. Na mtu anayevaa vizuri akaenda tamasha anataka kuonekana, hakuna ubaya hapo. Lakini alikubali kuonekana akiwa kiongozi. Hakukubali maneno yangu ya chini. Hata sheria ya nchi inajua tofauti hiyo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila idhini yake. Kama ulimwengu unaona hilo ni kosa, kanisa litajificha wapi?

Lakini sisi tuna sheria ya zamani zaidi. Kutoka 20:16 inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kutoa ushahidi wa uongo kwa kamera, tena akiwa na huruma.

Mtazameni Simoni Farisayo katika Luka 7. Mwanamke ameingia nyumbani kwake, na Simoni ameshamaliza kumsoma: mwenye dhambi, basi. Yesu anamgeukia yule mwanamke, halafu anamuuliza Simoni kama anamwona. Swali la ajabu! Wako chumba kimoja. Lakini Simoni alikuwa anaona maandishi aliyomwekea, mtu mwenyewe hajamwona. Siku ile Loiyangalani, Simoni alikuwa mimi.

Mzee mmoja hapa kanisani aliponisikia, akaniuliza, "Sasa mbona uharibu? Matangi ya maji si yalinunuliwa? Si watu wanakunywa?" Ni swali zito, sitalikwepa. Matangi yako kule na maji yanatumika, namshukuru Mungu. Lakini tujiulize: kama ningeandika kwamba huyu ni mama shujaa, ndugu yetu katika Kristo, na kanisa lake linahitaji matangi, tungetoa vile vile? Kama tungetoa, uongo ulikuwa wa nini? Na kama tungetoa kidogo, basi shida si yake, ni yetu. Tunapenda kumsaidia mtu akiwa chini yetu. Akisimama sawa na sisi, mkono unakuwa mzito.

Nilimwomba msamaha kwa simu, mzee akitafsiri. Alisikiliza, kisha akauliza maswali mawili. La kwanza: mlipata pesa ngapi? Nikamwambia, mpaka shilingi ya mwisho. La pili: "Picha yangu iko wapi? Kila mwaka wanakuja, wanapiga, wanaenda nayo." Wapendwa, swali hilo halijaniacha. Tumeitoa skrini. Tumemchapishia nakala kubwa, imeenda na gari la kwanza lililokuwa linaelekea huko, bila maandishi yoyote chini isipokuwa jina lake.

Walipomletea Yesu dinari, aliuliza ile sura ni ya nani. Ni ya Kaisari? Apewe Kaisari. Basi uso wa mwanadamu una sura ya nani? Mwanzo 1:27 inajibu. Si ya mpiga picha, si ya idara ya misheni, si ya pasta.

Wiki hii, kabla ya kuinua simu yako harusini, matangani, au unapompa mtu unga, fanya mambo matatu. Uliza jina. Sema picha itaenda wapi, na akikataa, shusha simu bila kununa. Halafu ukiandika kitu chini yake, andika kile ambacho ungeweza kumsomea yeye mwenyewe akiwa amesimama mbele yako.

Tuombe: Bwana, unayetuona jinsi tulivyo, tusamehe tulipowatumia watu wako. Tufundishe kuona. Amina.