Sauti ya Bahari Masikioni

Nyumba ya mdogo wangu pale Msimbati iko kama hatua mia moja kutoka yanapofika maji ya bamvua. Ukilala kwake usiku husikii kingine ila bahari inavuta, inaachia, inavuta. Basi jioni moja nilimkuta amejilaza ubavu mkekani, tumbo la miezi saba ameliegemeza mto, hedifoni zimemziba masikio. Nikamuuliza anasikiliza nini. Akachomoa moja akanipa. Mama mmoja wa Kizungu alikuwa akisema polepole, kama anayebembeleza kitoto, na nyuma ya sauti yake mawimbi yanapiga. Mawimbi ya kurekodiwa, ya pwani nisiyoijua. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka.

Ilikuwa kozi ya kujiandaa kuzaa kwa hipnosi, aliyoinunua mtandaoni: masomo manane ya video, pamoja na sauti za kusikiliza kila usiku kabla ya kulala. Mdogo wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, Kiingereza hakimpigi chenga. Ada ilikuwa shilingi laki moja na themanini, na nusu yake nilimtumia mimi, maana nilijiona nina deni. Miaka tisa kabla yake nilizaa mwanangu wa kwanza mahali ambapo sitapataja, na nilipopiga ukelele muuguzi aliniuliza mbona siku ya kumtafuta huyo mtoto sikupiga kelele. Wanawake wengi wa nchi hii hawahitaji nimalizie kisa hicho, wana chao. Nami nilikuwa nimemsimulia mdogo wangu mara nyingi, kila mara nikitia chumvi kidogo, hata siku aliponiambia ana mimba, jambo la kwanza aliloniuliza ni kama kuna namna ya kuzaa bila kupitia mikononi mwa watu wa aina ile. Kwa hiyo ile sauti ya upole iliyokuwa ikimuita "mpendwa" ilimkuta na njaa, na njaa ile nusu yake niliipika mimi.

Hipnosi yenyewe si mazingaombwe, wala hapana mtu wa kukupungia saa ya mnyororo usoni. Ni kujituliza kwa pumzi na maneno hadi akili ikae katikati ya usingizi na macho. Wazo lililo chini yake ni la daktari Mwingereza, Grantly Dick-Read, aliyeandika kitabu mwaka 1933 akidai kwamba hofu hukaza mwili, mwili uliokaza huuma, na maumivu nayo huleta hofu nyingine. Iondoe hofu, na ukali wa kuzaa utapungua. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980, Mmarekani Marie Mongan akaliunganisha na hipnosi, na tangu hapo limekuwa biashara ya dunia nzima. Si uongo mtupu. Yeyote aliyewahi kuketi na mzazi anajua kwamba mwenye hofu anabana kila kitu, hata meno. Mdogo wangu alivuta pumzi kwa hesabu ya nne, akaachia kwa nane, na kwa kweli alianza kulala, yeye aliyekuwa akigutuka usiku tangu mwezi wa tatu.

Lililonitia shaka ni maneno. Katika kozi ile hakuna uchungu, kuna "wimbi". Chupa haipasuki, "inaachia". Mdogo wangu akaanza kututoza faini ya shilingi mia tano kila mmoja wetu alipotamka uchungu mbele yake. Shemeji yangu, ambaye ni mvuvi na amewahi kuogelea nusu ya usiku baada ya mtumbwi kupinduka, alilipa faini yake kisha akasema kwamba kwake yeye wimbi si neno la kumtuliza mtu.

Dada wa mama mkwe wake ni kungwi wa Kimakonde, mzee wa kuheshimiwa, wote tunamwita Bibi. Ndiye aliyetaka mdogo wangu akae naye japo siku tatu afundwe mambo ya kuzaa. Wamakonde hawayaonei haya mambo hayo: katika ngoma zao yupo mchezaji mwanamume anayevaa kinyago cha kiwiliwili, matiti na tumbo la mjamzito vilivyochongwa kwa mti, akaicheza mimba mbele ya watu. Mdogo wangu alikwenda siku moja tu, akarudi kwenye simu yake. Na niseme ukweli, mafunzo ya Bibi nayo yana lake: alimfundisha kwamba mwanamke kupiga kelele wakati wa kuzaa ni aibu kwake na kwa aliyemfunda. Basi akawa amepokea amri pande mbili, Mzungu anamwambia asisikie, kungwi anamwambia asiseme. Tofauti yao aliitaja Bibi mwenyewe, akiishika ile simu kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika kaa:

"Mimi nikimwambia mwali anyamaze, huwa namtazama uso. Hii inamtazama nani?"

Somo la tano lilihusu kulinda utulivu. Linamtaka mjamzito ajiepushe na wanaomsimulia habari za kuzaa kubaya, na hapo nakubali nililengwa mimi. Lakini mdogo wangu alilivuta somo hilo mbali zaidi. Kliniki huanza kwa maelezo. Wajawazito wanaketi kwenye benchi na kadi zao mapajani, muuguzi anazitaja dalili za hatari: kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, maumivu ya chembe, kutokwa damu, homa, mtoto kupunguza kucheza. Kwake yeye hayo sasa yakawa maneno ya kutisha, ya kuvuruga utulivu alioulipia. Kadi yake niliiona baadaye. Wiki ya 34, presha 138 kwa 88, na chini yake muuguzi ameandika kwa kalamu ya bluu "arudi Alhamisi", akazungushia duara mara mbili. Mstari wa Alhamisi uko mtupu.

Jumanne ya wiki iliyofuata alinipigia simu, kichwa kinamuuma sehemu ya mbele. Nikamwambia ni jua la Msimbati, anywe maji. Nilisema hivyo huku nikikaanga samaki, simu nimeibana begani. Jumatano usiku aliona taa ya ukutani ina ukungu pembeni, kama taa inayotazamwa kupitia chandarua. Kozi ilikuwa imemwambia kwamba ukizama vizuri macho huwa mazito na vitu hulegea. Akafurahi. Ujumbe alionitumia usiku ule ninao hadi leo: "Dada leo nimezama kabisa."

Alhamisi magharibi Bibi alifika na bakuli la ming'oko. Hakuuliza habari ya mimba. Alimshika mkono akajaribu kuizungusha pete ya ndoa, haikuzunguka. Akamtazama kope. Akamwambia shemeji, "Huyu anakwenda hospitali sasa hivi." Mdogo wangu akaomba amalizie somo kwanza, zimebaki dakika kumi na mbili, likiisha na kichwa kitaachia. Nao wakamwachia, hata Bibi, kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa ametulia. Katika chumba kile hakuna aliyetulia kama yeye. Ilipofika dakika ya nane au ya tisa mkono ukakakamaa, kisha taya, kisha mwili mzima ukatikisika mkekani, na hedifoni moja ingali sikioni.

Majirani wawili walisema ni jini wa bahari. Bibi akawatoa nje. Namba 115 haikuwamo kwenye simu ya shemeji, wala kwenye simu ya mdogo wangu yenye masomo manane. Ilikuwa kichwani mwa kijana wa jirani ambaye mkewe aliwahi kubebwa. Ndiyo namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, ambao pasipo na gari la wagonjwa hutumia madereva wa kawaida waliosajiliwa. Gari lilikuja. Mchanga wa Msimbati mnaujua wenyewe, walisukuma mara mbili, Bibi yuko nyuma amemlaza ubavu ili mate yasimrudi kooni. Walipoanza kuziona taa za mtambo wa gesi wa Madimba, alikuwa ameshapata kifafa cha pili.

Mjini walimpima presha, 180 kwa 120. Wakamchoma sindano ya magnesiamu salfeti, kisha wakampeleka chumba cha upasuaji. Dawa hiyo si ngeni wala si ya matajiri. Utafiti uliotolewa mwaka 2002, wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba mwenye dalili akipewa mapema hatari ya kifafa cha mimba hupungua kwa zaidi ya nusu. Mapema, yaani Jumanne, nilipokuwa nakaanga samaki. Mtoto alitoka wa kike, kilo mbili na gramu mia moja, na kwa kuwa mama yake hakuwa na fahamu ni mimi niliyembeba kifuani siku mbili za kwanza, ngozi kwa ngozi, nimefungwa khanga kama mwali.

Usiku wa pili, mtoto kifuani, niliisikiliza kozi nzima. Nilikuwa natafuta neno moja, presha. Mwanzoni kabisa kulikuwa na maandishi yaliyopita upesi, kwamba kozi hii haichukui nafasi ya ushauri wa daktari. Baada ya hapo masomo manane, na presha haikutajwa. Nilikasirika, halafu karibu na alfajiri nikaelewa kwamba aliyeitengeneza hakuficha kitu. Kule kwake hakukuwa na haja. Mteja wake ana mkunga anayempima, anayemtafuta kwa simu akikosa kuhudhuria, na barabara ya lami inafika mlangoni. Uko utafiti wa kaskazini magharibi mwa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2015, wa wajawazito 680. Waliofundishwa hipnosi walikuwa na vikao viwili vya dakika 90 na sauti za kusikiliza nyumbani, na waliowafundisha walikuwa wakunga. Hata hivyo waliochomwa sindano ya ganzi ya mgongoni walikuwa karibu sawa, kama 28 kwa kila 100 kwa waliofundishwa na 30 kwa wasiofundishwa. Faida ilionekana kwenye hofu: waliofundishwa walisema imekuwa ndogo kuliko walivyotarajia. Ni faida ya kweli, siibezi. Ila mdogo wangu alinunua pumzi, mkunga akabaki kulekule Uingereza.

Kwetu, utafiti wa kitaifa wa 2015 na 2016 ulikuta vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakuta 104. Katika muda huohuo waliojifungulia vituoni walipanda kutoka 63 hadi 81 kwa kila 100. Sidhani kwamba ni ujasiri wa wanawake uliozidi. Walikuwa majasiri tangu enzi za bibi zao. Walipata wa kuwatazama. Na wodi zenye ulimi mchafu, ambazo bado zipo, ndizo zinazoitafutia kozi ile wateja bure.

Siku ya nne walimsimamisha mdogo wangu kwa mara ya kwanza na mshono wake. Nikamsikia anavuta nne, anaachia nane. Muuguzi aliyemshika kwapa, binti mdogo mwenye sauti nzuri, alimuuliza amejifunzia wapi, akaanza kupumua naye, wakatembea hivyo wawili hadi dirishani.

Kitu kimoja hakikurudi. Kuanzia Jumatano usiku hadi Jumamosi hakumbuki chochote. Gari, mchanga, taa, mtoto kutoka, yote yamefutika. Alijiandaa wiki nyingi ili siku ile awepo kwa akili yake yote, na ndiye peke yake ambaye hakuwepo. Baada ya arobaini tulikaa Msimbati kwenye mkeka uleule, maji yanakupwa, mtoto analala mapajani mwa Bibi, na mdogo wangu akawa anatuuliza kipande kwa kipande kama mtu anayeulizia harusi aliyoikosa. Nani alikaa mbele? Mvua ilikuwa inanyesha? Nilikuwa nimevaa nini? Tukamjibu. Mwisho akamgeukia Bibi.

"Bibi, nililia?"

"Hukulia, mwanangu," Bibi akasema, akimvuta mtoto kofia ifunike masikio. "Ungelia, tungekuondoa Jumanne."