Pumzi Ikishatoka ni ya Nani?

Maradhi ya kifua siku hizi yanaweza kupimwa bila sindano, wala kile kijiti cha pamba kinachosukumwa puani hadi machozi yatoke. Mtu huvaa barakoa yenye ukanda mdogo ndani, akapumua na kuzungumza kama kawaida, kisha ukanda ukapelekwa maabara. Watafiti wa Leicester na wenzao wa Pretoria wamenasa bakteria wa kifua kikuu kwa njia hiyo. Mtoto asiyeweza kutema makohozi, kwa kuwa huyameza, hupimwa kinyesi. Njia nyingine haimgusi mtu kabisa: pampu hufyonza hewa ya ukumbi, na kinachopimwa ni kichujio.

Je, asiyechomwa wala kuguswa hajachukuliwa kitu? West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, inalijua swali hili. Mwaka 1937 watafiti wa homa ya manjano kutoka Entebbe walichukua damu ya mwanamke mwenye homa huko Omogo, wakakuta kirusi kigeni, wakakipa jina la wilaya ya wakati huo: West Nile. Jina la wilaya limeenea dunia nzima; mwanamke hatajwi kwa jina. Hata hivyo sindano ilikuwa na unyofu wake: aliyechomwa alijua amechomwa.

Barakoa haina utata mkubwa, maana anayeivaa ameombwa. Ugumu uko kwenye hewa. Pampu ikiwekwa kituo cha mabasi Arua, au Oraba mpakani na Sudan Kusini, wapitao ni madereva, wachuuzi na wakimbizi. Hakuna mwenyekiti wa kijiji (LC1), imamu wala paroko awezaye kuridhia kwa niaba ya msafiri. Itasemwa kwamba hewa ni ya wote na pumzi iliyotoka haina mwenyewe. Hoja hiyo ina nguvu hadi majibu yatoke. Kichujio kikionyesha bakteria, hakisemi ni wa nani. Inabidi watu wapimwe mmoja mmoja, na ridhaa iliyorukwa mwanzoni inarudi ikiwa imechafuka: anayekataa sasa ndiye anayeshukiwa, na aghalabu wa kwanza kunyooshewa kidole ni mkimbizi.

Kwa hiyo tangazo kwa Kilugbara, Kikakwa, Kiarabu cha Juba na Kiswahili linatakiwa kubandikwa kabla pampu haijawashwa, lieleze kinachotafutwa na kwamba dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika hospitali za serikali. Tangazo si ridhaa, ila kituoni Arua linampa msafiri nafasi ya kungojea basi nje. Oraba nafasi hiyo haipo, maana anayevuka mpaka hapo hana budi kupita, na hapo pampu ina uhalali mdogo zaidi.